Poda Nyeupe Chini ya Chupa

Kama umejiangalia kwenye kioo asubuhi ya leo ukaona weupe wa macho yako umegeuka manjano, kaa chini kwanza. Usikimbilie kuuliza ni nani aliyekuletea. Mimi nilianza na swali hilo nikapoteza nalo karibu nusu mwaka. Nimepona sasa. Ninakula mayai, ninapanda ngazi bila kushika ukuta, na mume wangu amerudi kulala upande wake wa kitanda. Ninaandika kwa ajili ya yule aliye kwenye benchi la hospitali saa hii, anayewatazama watu wote kwa jicho la pembeni kama nilivyowatazama mimi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitengela, kwenye ploti ya mawe isiyo mbali na soko la mifugo. Mume wangu, Wafula, alikuwa karani wa kiwanda cha saruji. Sisi ni watu wa Bungoma, tulifuata kazi. Binti yetu, Nekesa, alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika klabu moja ya burudani kando ya barabara ya Namanga, mahali pa nyama choma na bembea za watoto, na nyuma yake bwawa la kuogelea. Nilianza kwa kukata tiketi langoni, mvua za El Niño zilipokwisha. Siku moja mwenye klabu akanikuta nikisugua kaunta ambayo tayari ilikuwa safi, akasema, "Mama Nekesa, wewe ndio uko na mkono wa usafi hapa. Hii maji nitakupea wewe uangalie."

Kuangalia maji kulikuwa hivi. Kila asubuhi nilichota maji ya bwawa kwenye kineli, kichupa chembamba cha kioo, nikatia matone ya dawa, maji yakabadilika rangi, nami nikalinganisha rangi ile na kadi niliyopewa. Ikiwa sawa, nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wa langoni: MAJI NI SALAMA LEO. Chini yake niliweka jina langu, Rodah. Halafu mara moja kwa mwezi nilijaza chupa mbili nikazipeleka Kajiado, kwenye maabara, kwa msichana mmoja mpimaji aliyeitwa Naserian. Majibu yalirudi kwenye karatasi, na kila mwezi yalisema safi. Nilizibandika karatasi hizo ukutani mwa kibanda changu cha tiketi kama wengine wanavyobandika kalenda ya kanisa.

Chupa zenyewe Naserian ndiye aliyetupatia. Zilikuja zimefungwa, na chini ya kila moja kulikuwa na poda nyeupe kidogo, kiasi cha kubana kwa kucha mbili. Mara ya kwanza niliitazama nikasonya. Kwetu mboga haipikwi bila magadi, kwa hiyo najua chungu ambacho hakikuoshwa vizuri kinavyobaki na ukoko mweupe. Nikasema hawa watu wa maabara wanajifanya wasomi na vyombo vyao havijasuuzwa. Nikachemsha maji, nikasuuza chupa mara tatu, ndipo nikachota. Nilifanya hivyo kila mwezi, na nilijisifu moyoni. Mutiso, mtunza bustani wa klabu, alikuwa akiniangalia akicheka. "Mama Nekesa, wewe ungeweza hata kuosha sabuni," aliniambia.

Jioni za Jumamosi, wateja wakishaondoka, mimi na Nekesa tuliingia upande wa watoto, ule wenye kina kifupi karibu na vyumba vya kubadilishia nguo. Yeye alikuwa ameshajua kuogelea. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, najifunza, nikimeza maji kama ndama. Nilifurahi sana jioni zile. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine.

Ugonjwa uliingia Februari, mwaka ule wa ukame wa elfu mbili, wakati Wamaasai walikuwa wakipitisha ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika katikati ya mji na bwawa likijaa watu kila siku kwa sababu ya joto. Kwanza ni uchovu. Nilikaa kwenye kibanda nikashindwa kuinua mkono kukata tiketi. Halafu harufu ya kitunguu kikikaangwa ikaanza kunitapisha, na kwenye ploti ya vyumba kumi kuna mtu anayekaanga kitunguu saa zote. Zahanati ya karibu wakanitoa damu kwenye kidole wakasema nina malaria na taifodi, zote mbili. Nilidungwa sindano siku tano. Siku ya sita mkojo wangu ulikuwa na rangi ya strungi, chai kavu isiyo na maziwa.

Aliyeniona macho alikuwa Mama Halima, jirani yetu mwenye duka la nguo na sukari mbele ya ploti. Nilikuwa nimesimama mlangoni pake nikinunua chumvi.

"Mama Nekesa, hebu toka hapo kwa giza, simama kwa jua," alisema. Nikatoka. Akaniangalia kwa muda. "Macho yako ni manjano, mama. Hiyo si malaria. Wewe enda Kajiado leo, usingoje kesho."

Jambo la kwanza nililojiuliza ni kwa nini amenitazama sana hivyo, na chai aliyonipa wiki iliyopita ilikuwa na nini ndani.

Sitasahau benchi lile la Kajiado. Lilikuwa refu, la mbao, limelainika katikati kwa kukaliwa. Nilipoketi, mwanamke aliyekuwa upande wangu wa kulia alimhamisha mtoto wake goti la pili, lile la mbali nami. Sikumlaumu. Nilikuwa ninanuka, mimi mwenyewe nilijisikia. Tulingoja tangu asubuhi hadi kivuli cha mlango kilipovuka korido yote. Daktari alinibonyeza chini ya mbavu nikapiga kelele, akasema ini limevimba, na hakuna dawa ya kuliponya isipokuwa kupumzika, kunywa maji, na kungoja. Ningetolewa damu kila Jumanne ili waone kama linashuka. Nikamuuliza, "Nimeitoa wapi?" Akasema, "Mama, mara nyingi ni maji ama chakula yenye uchafu. Unaweza kuwa ulikula mahali, ama ulikunywa mahali." Kisha akamwita mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu mpya ya kushuku. Nilimshuku mwenye maziwa anayepita na jerikeni kwenye baiskeli. Nilishuku kachumbari ya klabu na sindano za zahanati. Mama mmoja Mmaasai, rafiki wa zamani wa sokoni, aliniletea supu ya mizizi. Nilimshukuru, nikangoja aondoke, nikaimwaga nyuma ya choo. Bwawa sikulishuku hata siku moja. Ningelishukuje, na ubao ulikuwa na jina langu?

Jumanne ya pili walinilaza. Nilikaa wodini siku kumi na moja na dripu. Mwili wangu ulinigeuka ukawa wa mtu mwingine. Kuwashwa kulikuwa kubaya kuliko maumivu, maana kulitoka ndani ya ngozi, mahali ambapo kucha hazifiki. Nilijikuna kwa kitana mpaka muuguzi akaninyang'anya. Pete ya ndoa ilichomoka yenyewe nikinawa mikono, ikalia kwenye beseni. Mwenzangu wa kitanda cha pili, nyanya mmoja wa Rombo mwenye mguu uliovunjika, alikuwa akilowesha kitambaa katika maji baridi kila alasiri na kunirushia bila kusema neno. Niliweka kitambaa kile tumboni nikapata saa moja ya usingizi. Hata leo sijui jina lake, na ningependa ajue kwamba ninakumbuka.

Niliporudi nyumbani Machi nilikuwa nimekonda, na miaka ile mtu akikonda watu walijua la kusema. Mazungumzo yalikatika nilipofika bombani. Wafula alihamia kwenye kochi, akasema ni ili nipumzike vizuri. Siku ya tatu alikaa ukingoni mwa kitanda akiangalia sakafu.

"Rodah, niambie tu," alisema. "Hapo kwa klabu kunakuja wanaume wa kila aina. Nitakasirika, lakini niambie."

Nilikuwa na nguvu kidogo sana, lakini nilizitumia zote. Nikamwambia, "Na wewe niambie za Magadi. Kila mwezi unatumwa Magadi siku mbili. Saruji inatengenezwa Magadi tangu lini?"

Akainuka akarudi kwenye kochi. Nilikuwa nimeshapimwa damu ile nyingine pia, kwa idhini yangu, na majibu yalichukua wiki mbili kuja. Nilikuwa sina. Siku niliyopata karatasi nilitafuta mahali pa kuificha mpaka nipate namna ya kumwambia, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, nikakuta karatasi nyingine imekunjwa vilevile, yenye jina lake. Alikuwa amejipeleka kupimwa kimyakimya. Yeye pia hakuwa na kitu. Aliporudi kutoka kazini aliniona nimeketi na karatasi mbili mapajani. Tulitazamana, halafu tukacheka kidogo kwa aibu. Lakini kochi hakuliacha. Nilielewa. Kama si yeye na si mimi, basi ugonjwa huu ulitoka wapi? Mpaka tulijue hilo, kila mtu angelala na jicho moja wazi.

Halafu Aprili, shule zikiwa zimefungwa na mvua ikitoa manyunyu tu na kwenda zake, Nekesa aliacha chapati kwenye sahani.

Mtoto yule haachi chapati. Nilimvuta kwenye mlango, kwenye mwanga, kama Mama Halima alivyonitoa mimi. Nilimfunua jicho kwa kidole gumba. Nikaketi kizingitini naye mikononi. Alitapika siku mbili mfululizo, hata maji yalirudi, akatundikwa dripu wodi ya watoto. Mimi niliyekuwa bado nashikilia kuta nililala kwenye kiti kando yake. Niliogopa kwa namna ambayo sikuogopa kwa ajili yangu. Kila aliposinzia nilimgusa nione kama ataamka. Nilijua tu kwamba kitu kile kiko mahali fulani, kimetukuta wawili, na kama sikipati kitamrudia.

Daktari alisema huenda ameambukizwa na mimi. Huenda. Nililishika neno hilo nikalichukia. Lakini wodini mle mle kulikuwa na mtoto mwingine wa Kitengela mwenye macho ya manjano, mvulana wa darasa la tatu. Mama yake nilimfahamu kwa sura, alikuwa mteja wa Jumamosi. Tulisalimiana. Nilimshuku hata yeye, kwamba mwanawe ndiye aliyemwambukiza wangu.

Nekesa alitoka baada ya wiki, mwembamba, mnyamavu. Mei habari zikanifikia kutoka klabu. Nilipokuwa mgonjwa, kazi ya maji alipewa Mutiso. Kwa miezi miwili hakupeleka chupa Kajiado, akisema hana nafasi. Mwezi uliofuata akapeleka, na karatasi ikarudi imeandikwa: HAYAFAI KUOGELEA. Kulikuwa na vijidudu vya kinyesi. Mwenye klabu alikuwa akichemka. Alifunga bwawa, akatangaza kwamba Mutiso amechafua chupa kwa mikono yake ya mbolea.

Mimi sikuwa na shaka yoyote. Mutiso. Mtu anayefagia majani, anakula muwa, halafu anashika chupa ya maabara. Nikafurahi, nasema ukweli. Nilikuwa nimempata mtu. Pengine alikuwa ameanza uchafu wake zamani, akichovya ndoo zake upande wa watoto, na sisi tukaumwa. Nikamwambia mwenye klabu, "Nipe gari. Naenda Kajiado na yeye, nimwonyeshe mbele ya mpimaji vile chupa inafanywa."

Ilikuwa Juni, baridi ya asubuhi. Njia nzima Mutiso alishika kofia mikononi. Naserian alitupokea akiwa amevaa sweta juu ya koti lake jeupe.

"Sopa, Mama Nekesa. Umepungua, lakini macho yamerudi."

"Ipa," niliitikia salamu yake ya Kimaasai. "Nimekuja kumfunza huyu. Nipe chupa, na maji ya moto."

Alinipa chupa mbili mpya, akaniangalia bila kuelewa. Nilimwambia Mutiso asogee aone vizuri. Nikafungua kifuniko, nikageuza chupa juu ya sinki, nikaigonga chini kwa kiganja ili poda idondoke yote.

Naserian alinishika mkono. "Unafanya nini?"

"Naitoa hii magadi yenu kwanza. Halafu nasuuza mara tatu. Ndio chupa ikuwe safi."

"Mama." Sauti yake ilishuka. "Umekuwa ukifanya hivyo kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu El Niño iishe."

Aliketi. Akatuambia polepole, kama mtu anayeeleza watoto, na ninashukuru kwamba hakupaza sauti. "Hiyo poda si uchafu. Mnatia dawa kwa bwawa, si ndio? Sasa ukichota maji, dawa inakuja nayo. Ukifunga chupa, dawa inaendelea kuua vijidudu huko ndani, njia yote mpaka Kajiado. Mimi nikifungua napata maji imesafishwa kuliko ile watoto wanaogelea. Hiyo poda ndio inasimamisha dawa palepale, ndio mimi nione kile kiko. Kwa chupa kumeandikwa, usisuuze."

Kulikuwa kumeandikwa. Nilikuwa nikiiona karatasi ile ndogo kila mwezi na kuibandua, kwa sababu gundi yake inashika vumbi.

"Na unachotea wapi?" aliuliza.

"Kando ya nyumba ya pampu. Kuna kivuli, na kuna ngazi."

"Dawa inaingilia wapi?"

Inaingilia hapo hapo. Hata kineli changu cha kila asubuhi nilikichotea hapo, mahali penye dawa nyingi kuliko pote, ndiyo maana rangi ilikuwa sawa siku zote. Mutiso alikuwa amechotea upande wa watoto, kwa sababu ndipo alipokuwa amesimama na ufagio, na hakusuuza chupa, kwa sababu ni mvivu. Nilimtazama. Angeweza kusema lolote na ningestahili. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Naserian hakutaka kuapa kwamba ugonjwa wetu ulitoka bwawani. "Mimi naona maji, sioni mahali mtu amepita," alisema. Lakini fundi alipochimba nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo alikuta tangi la choo limepasuka, na maji yake yamekuwa yakijipenyeza kwenye bomba la upande wa watoto. Nani ajuaye kwa muda gani. Ukutani mwa kibanda changu kulikuwa na karatasi zaidi ya ishirini zikisema safi.

Jioni ile nilimwambia Wafula yote, mpaka ile gundi. Nilingoja aseme nusura nimwue mtoto wake. Alisema, "Na mimi nilikushuku na wanaume wa klabu." Akainuka, akachukua mto wake kwenye kochi, akaupeleka chumbani. Nililia kuliko nilivyolia hospitalini.

Mwenye klabu alitaka tuandike kwenye ubao kwamba bwawa limefungwa kwa matengenezo. Jumamosi nilifika mapema kabla yake. Niliandika: MAJI HAYAKUWA SALAMA. MTOTO WAKO AKIWA NA MACHO YA MANJANO MPELEKE HOSPITALI. Nikaweka jina langu chini, nikasimama kando. Mwenye klabu alipofika alisoma, akaingia ofisini, hakuja kufuta. Wateja walikuja, wakasoma, wengine wakageuza gari. Wazazi watatu walisema wao pia walikuwa na mtoto aliyeumwa tumbo na kuchoka wakadhani ni malaria. Wa mwisho alikuwa yule mama wa wodini. Alisoma mara mbili. Kisha akaweka kidole kwenye jina langu, chaki ikamshika.

"Na hii jina yako hapa kila siku," alisema, "ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimwambia samahani, na kwamba wangu pia alilazwa, anajua, tulionana. Aliitikia kwa kichwa akaenda zake. Mwanawe alipona. Nilikwenda kuuliza, mara tatu, mpaka akanikaribisha chai, na chai hiyo niliinywa yote.

Ndugu yangu uliye kwenye benchi, utapona. Kunywa maji yaliyochemshwa, lala, usione haya kukataa kukaanga vitunguu. Ukiletewa supu, inywe. Tafuta ulipoutoa ugonjwa, ni haki yako, lakini ukimaliza kuwaorodhesha majirani, jiweke na wewe kwenye orodha.

Bwawa lilifunguliwa tena Desemba, na tangi jipya mbali na vyumba. Nilimwomba mwenye klabu kazi ya chupa ibaki kwa Mutiso, nami nirudi kwenye tiketi. Mwezi ule ule alikuja kibandani na chupa mbili mkononi, kofia imekaa upande, akaziinua kwenye mwanga. Poda ilikuwa chini, nyeupe. Vidole vyangu viliniwasha. Nekesa alikuwa nyuma yangu na taulo begani, akingoja majibu ya upande wa watoto.

"Mama Nekesa," Mutiso aliuliza, bila kucheka, "hii nifanye nini nayo?"

"Iache," nikasema. "Enda uchote pale watoto wanaingilia."